Jinsi nilivyoipata hali ya kweli ya 8087

"Tumia FSTSW AX, kisha SAHF, umemaliza." Nilikuwa nimeuliza jinsi ya kujua jibu la ulinganisho wa namba uliofanywa na 8087. FSTSW ni agizo linalonakili neno la hali la koprosesa, hapa kwenye AX, rejista ya prosesa kuu; SAHF huhamisha sehemu yake hadi kwenye bendera, biti ambazo maagizo ya kuruka huziangalia. Ushauri huo nilipewa na watu watatu, wote kwa kujiamini kabisa, nao ulinila wiki mbili nzima.

Mashine yangu ni PC ya zamani yenye prosesa ya 8088, na kwenye soketi ya pili nimepachika 8087, koprosesa ya hesabu ambayo Intel iliitoa mwaka 1980. Chipu yenyewe haikunigharimu zaidi ya mlo wa familia. Nilikuwa naandika draiva ya kadi inayopima joto la tanuri dogo: soma joto, lilinganishe na kikomo, likivuka zima hita.

Kwenye emuleta, programu inayoiga kompyuta, kila kitu kilikwenda sawa, kwa sababu niliiweka iige 486, prosesa mpya zaidi. Kwenye mashine halisi hita haikuzimika hata mara moja. Kumbe FSTSW AX ilikuja na 80287, koprosesa iliyoifuata 8087. 8087 haina njia ya kuifikia rejista ya AX. Inachoweza ni kuandika kwenye memori tu. AX yangu ilibaki na takataka ilizokuwa nazo.

Basi nikaandika FSTSW [hali], halafu MOV AX,[hali], yaani andika kwenye sehemu ya memori niliyoiita hali, kisha isome hadi kwenye AX. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Jibu lilikuwa la ulinganisho uliopita! Nikiweka katikati mstari wa kuchapisha herufi kwenye skrini, kosa linatoweka, nikiutoa, linarudi. Siku ya nne nikapata wazo ambalo hadi leo najivunia: kabla ya kila FSTSW nikaijaza [hali] kwa 5A5Ah, namba rahisi kuitambua. Nikaendesha, nikaisoma AX, nikaikuta 5A5A. Koprosesa ilikuwa bado haijaandika, na 8088 ilishasoma na kwenda zake. Kumbe FWAIT, agizo la kuisubiri koprosesa, iliyofichwa ndani ya FSTSW husubiri kabla ya agizo, si baada yake. Nikaongeza FWAIT nyingine mbele ya MOV. Baiti moja tu!

 

Hita ikaanza kuzimika, lakini ovyo, hata wakati joto liko chini. Niliandika JL (ruka ikiwa ndogo), kama nilivyozoea kwa namba zenye alama ya hasi. Jibu la ulinganisho liko kwenye biti C0, C2 na C3 za neno la hali: SAHF huiweka C0 kwenye bendera ya CF, C2 kwenye PF na C3 kwenye ZF. OF haiguswi kabisa, na SF hupokea biti ya 15, ile inayosema koprosesa ina shughuli. Kwa hiyo JL yangu, inayoangalia SF na OF, haikuwa inauliza habari za joto hata kidogo. Tumia JB (ruka ikiwa chini) na JA (ruka ikiwa juu), zinazoangalia CF na ZF.

Na JP (ruka ikiwa PF ni 1) itangulie zote. Waya wa kihisi ukichomoka, hesabu yangu hugawa sifuri kwa sifuri, matokeo si namba, na C0, C2 na C3 zote huwa 1. Bila JP, JE (ruka ikiwa sawa) itakuambia joto ni sawasawa na kikomo. Juzi niliuchomoa waya kwa mkono tanuri likiwa linawaka, na hita ikazimika papo hapo.