Halikupendi

Siku ya tano leo. Gauni bado linaning'inia nyuma ya mlango, na kila nikiingia chumbani namsikia Mama Mkubwa: "Limenipendeza, mwanangu. Ila wewe halikupendi."

Hakuwa na ubaya, mnamjua. Alikuwa anachagua mchele, akaniambia nisogee, nikasogea, "sogea bwana," nikasogea tena, akashika kitambaa begani. Ndipo akalitoa hilo. Nikajitetea kitoto: "Mama, picha yake ina laiki 83!" Akasema, "Hao wamependa picha. Mimi nasema gauni." Akarudi kwenye ungo wake.

Wiki hii nimesahihisha mitihani ya Kidato cha Tatu, posa ya mdogo wangu imejibiwa, umeme umekatika siku tatu, na mimi bado niko pale pale kwenye ungo.

Jana usiku, kwa hasira, nikafungua kamusi ya asili ya maneno nilisake hilo "like" lenyewe. Kitufe cha Facebook ni cha mwaka 2009, lakini neno ni zee, na zamani lilikwenda kinyumenyume. Kwenye Kiingereza cha kale lilikuwa lician, yaani kupendeza. Mtu hakukilaiki kitu. Kitu ndicho kilichomlaiki mtu. Hata Hamlet, yule mwana wa mfalme kwenye tamthilia ya Shakespeare, akichagua upanga wa pambano, anasema upanga huo unamlaiki vyema. (Kitambo kidogo tu kafa, lakini hilo si kosa la sarufi.) Mzizi wake ni lic, mwili au umbo. Wajerumani kwenye mzizi huohuo wamebaki na Leiche: maiti!

Nikacheka peke yangu gizani. Mama Mkubwa, ambaye Kiingereza chake kinaishia "gudi moningi", anaongea kama Waingereza wa miaka 1,000 iliyopita. Gauni ndilo linalopenda au kukataa. Mwenye mwili haulizwi. Wao baadaye wakaligeuza neno, mtu akakaa mbele. Sisi tunayo yote: nalipenda, limenipendeza, limenipenda. Na miaka yote hii nafundisha Kiingereza sijawahi kuyapanga hayo ubaoni.

Asubuhi nimelivaa tena mbele ya kioo. Mabega yanapwaya, shingo imepotea. Kweli halinipendi. Mdogo wangu analichukua, lake huyo.

Ila ule ungo. Mwaka jana Mama Mkubwa alikuwa anauweka mapajani. Safari hii aliunyanyua hadi karibu na pua, na mara mbili ameniambia nisogee.