Mimi nipo wapi humo?

Tangu Ijumaa nina kicheko cha mdogo wangu sikioni na hakitoki. Kingekuwa cha dharau ningejua pa kukiweka. Alicheka kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu akaona haina haja kudai.

Mnamjua, yule kitindamimba wetu wa daladala, aliyewakera baadhi yenu kwenye habari niliyowahi kuandika humu ya harusi ya Pongwe. Bado yuko barabarani na bado ni deiwaka, yaani dereva wa kushikia gari la mwenzake kwa siku, bila ajira, ingawa siku hizi gari analishika wiki nzima kwa sababu dereva mwenyewe mgongo umemkamata. Mgomo wa daladala hapa Tanga nao mmeusikia: bajaji zinawamalizia abiria wa stendi ya Kange, basi Jumatano daladala zikaegeshwa, Alhamisi mchana kikao kikakaliwa na magari yakarudi barabarani, wanafunzi wangu wakawa wameingia darasani saa tatu wamelowa jasho.

Ijumaa baada ya swala tulikuwa kwa baba, Ngamiani, sinia moja, wali wa nazi na changu wa kupaka. Baba akaanza na KAMATA, ile kampuni ya mabasi ya umma ya zamani, kama kawaida yake. Wageni humu hawajui kwamba mzee alikuwa fundi wa KAMATA na ovaroli yake mpaka leo haturuhusiwi kuigeuza dekio. Historia yake tumeimeza tangu utotoni: serikali ikaitaifisha kampuni ya mabasi ya DMT mwaka 1970, mwaka 1974 mabasi ya mjini Dar yakawa ya shirika la UDA, na ya mikoani yakabaki KAMATA. "Gari la umma," akasema, "haliwezi kugomea bajaji. Litagombana na bajaji kwa lipi? Mshahara uko palepale."

Nikamuunga mkono, na kwa hilo sijarudi nyuma. Mwenye gari anafuata abiria walipo, na hakuna wa kumlaumu, gari kanunua kwa fedha yake. Lakini mama wa Chongoleani, kule pembezoni mwa jiji, mwenye mtoto anayechemka usiku naye ni mtu. Nikasema jiji liwe na mabasi yake, yenye ratiba, yaende hata yakiwa na abiria watatu, na dereva alipwe mwisho wa mwezi badala ya kukimbizana na hesabu ya kila siku ya tajiri mwenye gari.

Mume wangu akaruka. Akauliza kwani nani aliyeruhusu magari ya watu binafsi mwaka 1983 kama si serikali yenyewe, baada ya watu kuchoka kuning'inia milangoni mwa mabasi ya umma? Baba akamjibu kwa kelele zilizopigwa Bungeni kuhusu hisa za UDA. Mume akasema hata mwendokasi ya Dar, iliyoanza mwaka 2016, watu bado wanapigana vikumbo vituoni. Baba akasema tatizo si basi, tatizo ni watu. Ikawa ni vidole juu ya sinia na wali unapoa.

Mdogo wangu alikuwa anachambua miba. Hakuinua hata uso. Akasema, "Humo kwenye hayo mabasi ya jiji, dada, mimi nipo wapi?"

Nikamwambia, "Si utaajiriwa."

Ndipo akacheka. Kisha akaomba pilipili.

Hayo tu. Hakuna aliyekumbuka, hata mume wangu nilipomuuliza usiku alisema, "Pilipili ipi?" Mimi ndiye ninayelala nikijibu upya. Jibu la kwanza nililotunga lilikuwa refu na zuri: ana leseni ya daraja C, ana uzoefu, mabasi ya jiji yatahitaji madereva. Nikiwa chooni nikajijibu kwa sauti yake: na deiwaka anapeleka barua ya uzoefu iliyoandikwa na nani?

Jibu la pili lilihusu mikataba. Hapo nikakumbuka Aprili 2015, madereva wa mabasi walipogoma, pale Ubungo abiria wakakalia mabegi yao. Walikuwa wanalalamikia kurudishwa chuoni kila wanapohuisha leseni, na walitaka mikataba ya ajira. Mei wakagoma tena. Yeye wakati ule alikuwa konda, kijana mwembamba, akatupigia simu amefurahi ajabu: "Dada, sasa tunapewa mikataba!" Nilimwamini kuliko alivyojiamini. Mpaka leo karatasi ya kazi aliyonayo mfukoni ni leseni, na ile aliilipia mwenyewe.

Sasa mtu wa namna hiyo umwambie "si utaajiriwa" kwa sauti ile niliyoitumia mimi, sauti ya kumtuma mtoto dukani.

Basi leo asubuhi nipo kituoni Mikanjuni na madaftari kwapani, gari likaja, ni yeye. Akapiga honi tatu kama ananiona baada ya mwaka. Nimeingia, nikatoa 600 yangu, konda akaikataa, "Dada wa dereva halipi." Nikasisitiza, akageukia dirishani. Mbele kidogo palikuwa na bibi mwenye ndoo ya dagaa, konda akawa anasita kwa sababu ya harufu, abiria wawili wakaanza kunung'unika. Mdogo wangu akazima gari, akashuka, akaibeba ile ndoo mwenyewe, akaiweka miguuni kwake kando ya gia. "Shikamoo bibi, pita ukae." Gari zima likanuka mpaka mjini na hakuna aliyethubutu kusema neno. Nilijikuta nacheka peke yangu.

Ila furaha yangu ina hesabu ndani yake. Mafuta yapo palepale, ya tajiri ipo palepale, konda ana chake, kwa hiyo 600 ambayo sikulipa imekatwa kwa yeye aliyenipigia honi. Konda alipogeuka nikaitumbukiza kwenye kile kibati cha chenji. Sijui kama itamfikia yeye au konda.

Jambo jingine, mnazi wetu wa uani umezidi kuinamia bati la jirani. Fundi wa kuuangusha kautazama, kataja bei ya kununulia minazi miwili, na vuli hiyo inakuja na pepo zake. Jirani asubuhi nimemsalimu, kaitikia huku anautazama mnazi.