Siku Daktari Alipokataa Kuanza Sindano

Mwanangu alizaliwa na vali zilizokuwa zikiziba njia ya mkojo, na ingawa alifanyiwa upasuaji akiwa mchanga, figo zake zilikuwa zimekwisha kuharibika. Alipotimiza miaka tisa alikuwa akisafishwa damu, na kimo chake kilikuwa cha mtoto wa darasa la kwanza. Wifi yangu anayeishi Muscat alijitolea kugharimia sindano za homoni ya ukuaji, kwa hiyo tulikwenda kliniki tukiwa na swali moja tu: tuanze lini?

Daktari hakujibu. Alitundika picha ya eksirei ya mkono wa kushoto kwenye kisanduku cha taa, akaniita nisogee. "Mama, tazama hapa, juu kidogo ya kifundo." Pale ambapo mfupa hurefukia, ambapo ukingo ulipaswa kuwa mstari safi, palikuwa pamechakaa na kutawanyika kama nywele za mswaki wa zamani. Kisha akaushika mkono wa mtoto mwenyewe, akakiweka kidole changu juu ya kifundo kilichotanuka.

Alieleza kwamba figo ndizo zinazoikamilisha vitamini D ili mwili uweze kufyonza kalsiamu kutoka kwenye chakula, na ndizo zinazotoa fosforasi iliyozidi. Zinaposhindwa, kalsiamu hupungua katika damu, fosforasi hulundikana, na tezi ndogo za parathairoidi zilizo shingoni humwaga homoni yake kwa wingi ili kuichota kalsiamu kutoka ndani ya mifupa. Majibu ya damu yalionyesha kwamba homoni hiyo ilikuwa imepanda mno. Kumchoma dawa ya kurefusha mifupa katika hali hiyo, alisema, ni kuhatarisha nyonga, kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza kutoka mahali pake.

Nikauliza kama homoni yake ya ukuaji ndiyo iliyokauka. "Hapana, anayo ya kutosha. Mwili ndio usioitii." Homoni saidizi inayopeleka amri yake kwenye mifupa, alisema, hufungwa na protini ambazo figo zilipaswa kuziondoa, sindano huja kuongeza sauti ya amri hiyo, lakini si juu ya mifupa inayobomoka.

Tukarudi nyumbani na karatasi ya dawa isiyo na homoni: vitamini D iliyokwisha kukamilishwa, bikaboneti ya kupunguza asidi katika damu, na vidonge vya kalsiamu kaboneti vya kutafuna wakati wa mlo wenyewe, ili vinase fosforasi kabla haijafika kwenye damu. Ugomvi uliletwa na chakula. Mama mkwe wangu, ambaye kila siku alimwandalia mjukuu wake dagaa na kikombe cha maziwa ili mifupa ipate nguvu, aliambiwa kwamba hivyo hivyo ndivyo vilivyojaa fosforasi. Alinuna kutwa nzima, nami sikumlaumu, maana ushauri wake ulimfaa kila mtoto mwingine wa mtaani kwetu.

Homoni ya parathairoidi ilishuka polepole, picha mpya ikaonyesha ukingo ulioanza kunyooka, na daktari akakubali. Kabla ya dozi ya kwanza, mtoto alipimwa sukari na kuchunguzwa ndani ya macho, kwa kuwa dawa hiyo huweza kupandisha sukari na kuongeza shinikizo ndani ya fuvu, ambalo dalili zake huonekana nyuma ya jicho. Kalamu za sindano zilisafirishwa kutoka Muscat katika kisanduku chenye ubaridi, kwa sababu ni lazima zikae kati ya nyuzi 2 na 8 bila kuganda. Dozi ilikokotolewa kwa uzito wake, ya kuchomwa chini ya ngozi kila jioni.

Mwanangu alipouliza kama atakuwa mrefu kama baba yake, daktari hakumwahidi. Alimwambia aseme mara moja endapo goti, nyonga au kichwa kitamuuma, na kwamba siku atakapopandikizwa figo sindano zitasimamishwa kwanza, ili ionekane kama mwili utaweza kukua wenyewe.