Presha haikuuliza kama ni mnazi ama bia

Hii nimekaa nayo tangu mwaka jana na naandika sai kwa sababu ya mjomba wangu, ntafika hapo.

Nlikuwa nimeenda Kongowea kununua nazi, nkakuta hema wanapima presha bure, nkaingia tu manake jua lilikuwa kali. Sista akanipima, akaangalia ile namba, akaniambia kaka hebu kaa dakika tano, miguu chini, usiongee. Akabadilisha na ule mkanda akaleta mkubwa, akanieleza mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo namba inapanda ya uongo. Nkajua basi itashuka. Ikasoma 158 kwa 98. Juu haifai kufika 140, chini haifai kufika 90. Kilo 104. Na sikuwa naumwa na chochote, kichwa sawa, macho sawa, nlikuwa nishabeba gunia asubuhi hiyo.

Akaniuliza pombe, nkamwambia mimi si mlevi, bia mbili tatu wikendi. Akanyamaza kidogo kisha akauliza, na mnazi?

Wallahi mnazi sikuwa nauhesabu. Sisi watu wa Kisauni mnazi tumeuzoea, babu alikuwa mgema, ukitoka kazini unapita mangweni unakaa na wenzako, na kila mtu anakwambia huo ni wa asili hauna madhara. Lakini ule mtamu wa asubuhi ukifika jioni ushachacha, nguvu yake inakaribia bia kabisa, na mimi nlikuwa nakunywa ule wa jioni, karibu kila siku. Mwili hauangalii kama pombe imetoka kiwandani ama juu ya mti. Inaamsha zile neva zinazobana mishipa, moyo unasukuma kwa nguvu zaidi, figo nazo zinashika chumvi na maji. Na kuna hili ambalo watu wengi hawalijui, ukishakunywa presha yaweza kushuka kidogo masaa ya kwanza, halafu inapanda baadaye. Kwa hivyo ukipimwa usiku uko kwa meza ukaambiwa uko sawa, hiyo usiitegemee.

Sasa uzito. Nlikuwa nadhani kitambi ni mambo ya chakula na pombe ni mambo yake, kumbe kwangu mimi vilikuwa njia moja. Gramu moja ya sukari ina kalori 4, ya pombe ina 7, yani inakaribia mafuta ambayo ni 9, bia ya nusu lita pekee ni kama kalori 200. Na nani anakunywa bila kutafuna? Mishkaki, viazi karai, kachiri zenye chumvi na pilipili, saa nne usiku, kisha unaenda kulala. Mafuta yale ya tumboni yanakandamiza figo, moyo unasukuma damu kwa mwili mkubwa zaidi. Halafu nlikuwa nakoroma mpaka mke wangu anahamia kwa watoto. Unene unabana koo, pombe inalegeza koo, pumzi inakatika usingizini na presha inapanda usiku kucha, na mimi naamka nimechoka nasema ni joto la Mombasa.

Daktari alinianzishia dawa, na naimeza mpaka leo. Mnazi wa kila jioni nimeuacha, naenda na miguu mpaka Nyali nikirudi napanda matatu, viazi karai nakula mchana na vichache. Miezi minane nimetoa kilo 9. Daktari aliniambia kila kilo moja inayotoka inashusha kama pointi moja hivi, ya pombe iko kando. Mara ya mwisho nlisoma 132 kwa 84. Na mke wangu amerudi chumbani.

Sasa mjomba. Yeye anakunywa kuanzia asubuhi, kila siku, na juzi amesikia habari yangu akasema kesho anaacha kabisa. Nkamwambia mjomba ngoja, usiache ghafla peke yako, mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akikata mara moja anaweza kutetemeka, hata kupata kifafa, hilo lifanywe daktari akiwa anajua. Alikasirika akadhani namtetea mnazi. Nimeongea na shangazi, Jumanne asubuhi tunampeleka, na nimemwomba kabla ya hapo aniache nimpime nyumbani, nimenunua mashine yenye ule mkanda mkubwa.