Siku moja maishani mwangu: nafundisha Kiingereza kwa hotuba ya mshindi

Saa 11 alfajiri simu inalia. Chai ya rangi, mkate uliobaki jana, soksi mbili mbili, koti. Nje bado giza na upepo wa Ziwa Michigan hauna adabu. Naishi Chicago, upande wa kaskazini, na kazi yangu ni kuwafundisha Kiingereza watu wazima, wengi wao wakimbizi. Dada yangu aliye Likoni kila tukiongea huniuliza, "Kwani wewe unalipwa kwa kuongea tu?" Basi dada, siku yenyewe ndiyo hii. Soma mpaka mwisho ndiyo unipigie.

Kwanza ujue hili: nalipwa saa ninazosimama mbele ya wanafunzi. Saa za kutayarisha somo, za kusahihisha madaftari na za kukaa ndani ya basi nazitoa bure. Ndiyo maana nina vituo viwili, kimoja asubuhi na kingine jioni, na mchana wote wa katikati si wa kazi wala si wa kupumzika.

Saa 2 asubuhi niko Rogers Park, chumba cha chini cha kanisa. Napanga viti, nafuta ubao, nachomeka spika. Printa leo imekubali. Saa 3 darasa limejaa.

Wengi ni Wakongo wa Fizi na Uvira waliokaa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka na miaka, kwa hiyo Kiswahili chao utadhani wamezaliwa Kasulu. Wapo Warohingya wa Myanmar wanaoishi karibu na barabara ya Devon, wapo Wavenezuela, yupo dada wa Kabul aliyekuwa mwalimu wa hesabu na sasa anakunja mashuka hotelini. Kuna kijana anayetoka zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mikate na kuja darasani moja kwa moja. Huyo nikimkuta amelala simwamshi mpaka zamu yake ya kusoma ifike.

Kila Novemba nafundisha kwa hotuba ya ushindi wa urais. Si ushindi wowote, bali ule wa tarehe 4 Novemba 2008, hotuba aliyoitoa Barack Obama hapa hapa mjini, Grant Park, ikikaribia saa 5 usiku. Treni ya laini nyekundu inakufikisha karibu na pale, na baadhi ya wanafunzi wangu hushukia huko wakienda kusafisha maofisi.

Wenzangu huniuliza kwa nini nisitumie uchaguzi wa 2024. Nani atatulia? Trump alishinda, na alipoingia tu, Januari 2025, mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa, na darasani kwangu wamo watu ambao wazazi au watoto wao bado wako kambini, mafaili yalikuwa yameshapita, tiketi inasubiriwa. Huwezi kumpa mtu huyo karatasi ya kujaza mapengo ukamwambia asikilize vitenzi. Ule wa 2008 umeshapoa, unashikika.

Tena hotuba ya ushindi ina faida ambayo vitabu vya kiada havina. Mshindi hana haraka. Anasema sentensi, watu wanapiga kelele, ananyamaza, anaendelea. Wakati wa zile shangwe ndipo mwanafunzi wangu anapata kuandika. Kuelekea mwisho anarudia "Yes we can" tena na tena na umati unamwitikia, na hapo mimi nina shida yangu ya kazi: sikio letu halitofautishi Mmarekani akisema "can" na akisema "can't", na tukiyasema sisi yanatoka sawa. Msimamizi anakuuliza kama Jumamosi utaweza kuja, wewe unakataa, yeye anasikia umekubali. Jumatatu huna kazi. Nimeshaona.

Ila siwapigii hotuba nzima. Ni ya dakika kama 17, na sentensi yake ya kwanza ina "who" tatu kabla haijafika inakokwenda. Kwa darasa la chini hiyo naikata bila huruma. Nabakisha anapotaja simu ya mpinzani wake McCain, anapomshukuru Biden, anapowataja mkewe na mabinti zake, basi. Kusikiliza mara ya kwanza, kalamu chini, watafute majina ya watu tu. Mara ya pili nagawa karatasi yenye mapengo. Naondoa vitenzi, majina nayaacha, maana jina mtu hulikisia. Mara ya tatu napunguza kasi ya rekodi, lakini kidogo. Ukizidisha, Obama anasikika kama amelewa.

Mpaka saa 4 mambo yanakwenda. Tukafika mahali anapowaambia Sasha na Malia kwamba wamestahili yule mtoto wa mbwa watakayeingia naye Ikulu. Mama mmoja wa Fizi akaweka kalamu chini akauliza, kwa Kiingereza chake mwenyewe: baba amepata nchi nzima, watoto wanapewa mbwa? Chumba kikapasuka. Wavenezuela wakatoa simu kuonyesha mbwa wao waliowaacha Maracaibo, Warohingya wakataka kujua mbwa analala wapi, kijana wa kiwanda cha mikate akaamka mwenyewe. Robo saa nzima watu wanazungumza Kiingereza bila kulazimishwa, nami nimekaa pembeni naandika makosa ya kusahihisha baadaye. Mtu angechungulia mlangoni wakati huo angesema dada yangu ana haki.

Ndipo Mzee wa Uvira akainua mkono.

Mzee huyu hukaa mstari wa mbele na kofia haivui. "Mwalimu, rudisha nyuma." Nikarudisha. "Tena." Nikarudisha tena. Akaniuliza kwa Kiswahili, "Amesema aliyeshindwa ndiye aliyempigia simu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Kabla huyu hajasimama kuongea?"

"Kabla. Sasa niulize kwa Kiingereza."

Akafikiri. "How much?"

Darasa zima likaelewa. Nikaeleza kwamba hakulipwa, kwamba si sheria, ni desturi tu, na kwamba McCain alikubali matokeo usiku ule ule mbele ya watu wake kule Phoenix, Arizona. Mzee akatikisa kichwa. Akasema kwao aliyeshindwa humpigia simu wakili, na wengine humpigia mwenye bunduki. Akataka tusikilize tena, labda kuna neno nimelificha. Tukasikiliza. Akasema huyo McCain alikuwa na jeshi gani? Nikamwambia alikuwa mwanajeshi kweli, wa zamani, alifungwa Vietnam. "Umeona!" akasema Mzee, kana kwamba kesi imekwisha. Haikwisha. Wavenezuela wakaingia, dada wa Kabul akaingia, saa 5 ikapita, saa 5 na nusu ikapita, mpango wangu wa somo uko mezani haujaguswa.

Sikumlaumu. Hotuba ile ilinikuta Mombasa, kwetu ilikuwa saa 2 asubuhi ya tarehe 5, na kesho yake Rais Kibaki akaifanya sikukuu ya taifa. Watu wanakumbuka ngoma za Kogelo, kijijini kwa kina Obama. Mimi nakumbuka walimu wenzangu waliposikia habari ya ile simu. Hata mwaka ulikuwa haujatimia tangu uchaguzi wetu wa Desemba 2007, na watu zaidi ya 1,100 walikuwa wamekufa, malaki wamehama makwao. Hakuna aliyetia neno.

Nikafuta ubao, nikaandika: "McCain called Obama." Chini yake: "Romney called Obama." Kisha: "Clinton called Trump." Sijafika 2020 dada wa Kabul ameshanyoosha kidole kwenye nafasi iliyo wazi. Nilijua atauliza. Nikaandika bila kubadili sura: "Trump did not call Biden." Na chini kabisa: "Harris called Trump." Mimi si wakala wa chama. Sentensi zote tano ni kweli na zote zina sarufi safi, na ile ya nne ndiyo niliyokuwa nikiitafuta: ukiweka "did not", ile "-ed" ya mwisho inaanguka. Wiki nzima nimeisema kanuni hiyo kwa mifano ya wali na chai, ikakataa kuingia. Leo imeingia kwa dakika tano.

Nikawaambia kila mtu aandike sentensi mbili za nchi yake. Kijana mmoja wa Venezuela aliandika huku amefunika karatasi kwa mkono, nami sikumwomba aisome kwa sauti. Mzee akaandika ya urais wa Kongo: "Fayulu did not call Tshisekedi." Herufi kubwa mahali pake, kitenzi sawasawa, nukta mwishoni. Nikampigia tiki nyekundu. Akaikunja karatasi akaitia mfuko wa ndani wa koti.

Saa 6 mchana natia kande zangu kwenye maikrowevu. Simu.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba."

"Mimi ni mkwe wa yule Mama wa Fizi. Mama ameniambia leo mmesoma habari za mbwa."

Nikajua kande zitapoa. Mkwe akaanza. Mama ana mtihani wa uraia. Walioomba kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 orodha yao imepanda kutoka maswali 100 hadi 128, ataulizwa mpaka 20, akipata 12 amefaulu. Je, mwalimu analijua hilo? Nalijua, ndugu yangu, nimelibandika ukutani. Basi kwa nini asikariri? Nikamweleza kwamba afisa hatamuuliza maswali tu. Atamzungumzisha kwanza kuhusu fomu yake, halafu atampa sentensi ya kusoma na nyingine ya kuandika, na kwenye orodha ya maneno ya kuandika yamo "President", "vote", "elect", "November", na hilo hilo "can". Mama amekutana nayo yote leo. Hakuyakariri, ameyatumia.

"Sawa," akasema. Akanyamaza kidogo. "Lakini Mwalimu, usinielewe vibaya. Hakuna Mmarekani wa kumfundisha?"

Hii nakutana nayo mara kwa mara, na kila mara huwa nimeshika kijiko. Binamu yake yuko Iowa, amefundishwa na mama mzungu, miezi mitatu tu anaongea puani. Pia kuna video mtandaoni. Pia lafudhi ya Mombasa, bila kunivunjia heshima, afisa ataielewa? Nikamwambia afisa mwenyewe anaweza kuwa mzaliwa wa Manila au wa Lagos aliyeapa uraia ukubwani. Nikamwambia mama mkwe wake alipokuja kwangu alikuwa akiandika jina lake kwa kunakili kutoka kwenye kitambulisho, na leo amemhoji Rais wa Marekani kuhusu mbwa. Nikamwambia nina shahada ya ualimu na nimesimama darasani nchi mbili. Akanisikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, akarudi kwa binamu wa Iowa. Nusu saa. Mwisho akashusha sauti: "Na Jumapili huwa unafundisha nyumbani kwa mtu? Bei yako ikoje? Ni mimi mwenyewe nataka, siyo Mama."

Nikamwambia aje darasani, ni bure. Kande zilikuwa baridi katikati.

Mchana uliobaki ni wa kompyuta ya maktaba. Mahudhurio yaingizwe, maana mfadhili anahesabu saa alizokaa mtu kwenye kiti, na Mama akienda kliniki na mtoto hiyo ni saa imepotea. Alama za mtihani wa kupima kiwango ziingizwe. Mtihani huo hauna mahali pa kuandika kwamba Mzee leo amebishana saa moja na nusu.

Giza linaingia saa 10 na nusu, Novemba hapa ndiyo hivyo. Basi namba 81 halikuja. Lililofuata likapita limejaa. Vidole vya miguu nilikuwa sivihisi tena. Nilifika Albany Park wanafunzi wameshajipangia viti wenyewe, na mpishi mmoja wa Guatemala kaninunulia kahawa.

Hawa wa jioni wako juu kidogo, kwa hiyo wanapewa ile sentensi ya "who" tatu, na sehemu ya Ann Nixon Cooper, bibi wa Atlanta aliyepiga kura akiwa na miaka 106. Obama anapitisha karne nzima machoni pa bibi huyo, na wanafunzi wanachora mstari wa miaka: alizaliwa lini, wanawake walipata kura lini, mtu alifika mwezini lini. Mpishi alipiga hesabu haraka kuliko mimi. Baada ya hapo sikumbuki vizuri. Nilifundisha nimekaa, kitu nisichokipenda. Mtu aliuliza kuhusu kura za wajumbe wanaomchagua rais, kwa nini 270 ndizo za kushinda, nikaeleza, akauliza tena, nikaeleza tena. Obama alipata 365, nilikumbuka hiyo.

Nyumbani ni saa 4 na zaidi. Miguu kwenye beseni la maji moto, kompyuta mapajani, kwa sababu Mzee alinisubiri mlangoni asubuhi akasema, kwa Kiingereza, kesho tumsikilize aliyeshindwa. Nimeipata hotuba ya Phoenix. Karibu na mwanzo McCain anasema amempigia Obama kumpongeza, watu wake wanazomea, naye anawainulia mikono kuwatuliza: "Please." Hapo sikati kitu. Nimeondoa vitenzi sita, nimeacha majina, na nimepunguza kasi kidogo tu. Printa ikikubali tena.