Kuuza fleti ya chumba kimoja Buxton: tulipofikia

Haya, walioniuliza ile fleti imefika wapi, bado haijauzwa, lakini saa hii angalau yafanana na kitu cha kuuzwa. Kwa asiyejua: ni chumba kimoja cha kulala, sebule, jiko la kusimama watu wawili kama hawajagombana, choo na bafu pamoja, kibaraza kidogo, ghorofa ya tatu bila lifti, upande wa Buxton hapa Mombasa, huku ukishuka kwenda daraja la Nyali. Tumekaa hapa na mke wangu tangu kabla ya korona, sasa mtoto ashaanza kutembea na kila akigeuka anagonga kitu, kwa hivyo tunauza tutafute vyumba viwili Mikindani ama hata Kiembeni. Bei tuliyoweka ni shilingi milioni 3.6.

Zamani ukimwambia mtu wakaa Buxton, swali la kwanza ni kama hujaporwa simu. Zilikuwa zile nyumba za kaunti za tangu ukoloni, mabati yameliwa na kutu, majitaka yapita wazi, na ukishuka stegi usiku watembea haraka bila kuangalia nyuma. Alafu 2021 zikabomolewa zile nyumba 520 yakaanza kupanda maghorofa ya Buxton Point, mpango ukiwa ni zaidi ya nyumba 1,800 pale pale, na wako waliokaa miaka na miaka ambao mpaka leo hawajaridhika na vile walivyoondoka, hio story ni ndefu na wenyewe ndio wa kuisimulia, lakini nisijifanye sikuiona manake baadhi yao ni watu tuliokuwa tukisalimiana kila asubuhi. Kwetu sisi majirani kilichobadilika ni taa, na watu barabarani mpaka usiku, na madalali. Yani madalali! Kila mmoja akifika huku akisimama dirishani anatazama yale maghorofa mapya, ananitajia bei ya kule kana kwamba na sisi tuna lifti na geti la umeme. Mmoja alinambia niweke 4.5 nisiogope, alafu kwenye mlango ndio akakumbuka kusema anataka asilimia 3 yake. Nikamwambia ahsante kaka, tutapigiana.

Kazi kubwa ilikuwa kibaraza. Mombasa chumvi haikuachi, iko hewani, na kwenye majengo ya zamani saa zengine iko hata ndani ya mchanga uliojengewa. Ikifika kwenye nondo, nondo yashika kutu, ikishika kutu yavimba, ikivimba yasukuma zege mpaka labambuka lenyewe vipande vipande. Chini ya kibaraza chetu (yani dari ya jirani wa ghorofa ya pili, ambaye kwa kweli amekuwa mvumilivu sana) kulikuwa na nondo mbili ziko nje zimekuwa nyekundu. Fundi wa kwanza alitaka kupiga plasta juu amalize siku hio hio, nikamlipa nauli akaenda zake. Wa pili alikuja na nyundo ndogo, hakusema kitu, akaanza kugonga polepole kila mahali huku ameinamisha kichwa, palipo pazima pakilia kwa mlio mkali, palipokufa pakilia kama boksi tupu, na kila palipolia hivyo anapiga alama ya chokaa. Alipomaliza alama zilikuwa karibu nusu ya kibaraza nikahisi tumbo limenikata.

Lakini ndivyo kazi inavyofanywa. Akachimba mpaka nyuma ya chuma, akasugua na brashi ya waya mpaka nondo ikang'aa, akapaka dawa ya kutu, moja iliyokuwa imekonda sana akaifungia nyingine mpya pembeni, ndio akarudishia zege na ile dawa ya kushikisha, na akanikataza kupaka rangi mpaka pakauke vizuri. Picha za kila hatua nimeweka, manake mnunuzi akiona kiraka kipya bila maelezo lazima atashuku, na ana haki.

Mengine sitawachosha. Rangi nyeupe, taili za bafuni zimebadilishwa zilizopasuka tu, kitasa kipya, grili imepigwa rangi, swichi za jikoni zimebadilishwa. Mke wangu alitaka siling ya jipsam sebuleni nikakataa, pesa hio imeenda kwenye kazi ya maji, na hapa ndipo nataka kueleza.

Mnunuzi wa kwanza wa maana alikuwa mama mmoja mtu mzima, amtafutia binti yake. Nimemwamkia shikamoo mama, karibu, nimeanza kumuonyesha rangi na taili na upepo wa dirishani, hata hasikii. Ameenda moja kwa moja jikoni, akafungua bomba, akakinga kiganja, akaonja. "Mwanangu, haya ni ya kisima haya. Ya Mzima yaja lini?" Nikamwambia ukweli, kwamba ya kampuni ya maji yaja usiku na si kila usiku, siku nyingine ni kisima cha jengo ambacho kina chumvi. Akacheka, akasema angalau wewe hujanidanganya, aliyetangulia alinambia maji masaa ishirini na nne. Kibaraza cha pesa zote zile hakukitazama hata mara moja.

Kwa wasio wa huku: maji matamu ya Mombasa yatoka mbali, kuna bomba la Mzima lililojengwa miaka ya 1950, zaidi ya kilomita 200 kutoka chemchemi za Tsavo, na kuna visima vya Baricho kule mto Sabaki, na mji umekua kuliko vyote viwili. Kwa hivyo kila jengo lina kisima, na kila nyumba ina mitungi. Tulichofanya ni kutenganisha mabomba: kisima sasa chaenda chooni na bomba la kufulia peke yake, na juu tumeweka tenki letu wenyewe la lita 1,000 la maji ya kampuni, lenye floti, likijaa usiku lajifunga lenyewe, na hilo ndilo laenda jikoni na kwenye shawa. Kwa maoni yangu hio ndio kazi iliyoongeza thamani kuliko yote, na kwenye picha haionekani kabisa.

Cha pili wanachouliza ni karatasi. Hapo mama hakuwa na mchezo, alikuja mara ya pili na mpwa wake anayefanya kazi kwa wakili. Sisi tulinunua kwa lisi, yani mkataba wa kukodi, ya miaka 99, hati ya kiwanja yenyewe ikiwa kwa kampuni ya jengo, ndio ilivyokuwa kwa fleti nyingi. Sheria ya Sectional Properties ya 2020 imebadilisha mambo, sasa saveya, yani mpimaji, anachora ramani ya jengo lote fleti kwa fleti, ikisajiliwa kila mwenye fleti anapata taito, yani hati, yake pamoja na fungu lake kwenye ngazi, paa na uwanja, na wenye nyumba wanakuwa na shirika lao la kusimamia jengo. Vizuri sana kwenye karatasi. Kwenye jengo letu maana yake ni kuwakalisha wenye fleti wote wachange hela ya saveya, na mmoja yuko Dubai hashiki simu, na mwingine asema yeye hauzi kwa hivyo hayamhusu. Mzee wa ghorofa ya kwanza ndiye aliyetuokoa, alipita mlango kwa mlango baada ya Isha, nani atamkatalia mzee wa watu.

Kodi nimeshauliza pia. Ushuru wa stempu wa asilimia 4 huku mjini ni wa mnunuzi. Ile kodi ya faida ya mauzo ilikuwa asilimia 5 ikapanda 15 kuanzia 2023, lakini mtu aliyekaa mwenyewe ndani ya nyumba miaka 3 mfululizo kabla ya kuuza haimshiki, kwa hivyo nimekusanya bili za stima na maji zenye jina letu, weka zenu msitupe.

Mama ametoa 3.2, tumeshuka mpaka 3.4, mpwa wake asema watatia malipo ya kwanza ya asilimia 10 ramani ikishasajiliwa, si kabla, na mimi ningekuwa wao ningesema hivyo hivyo. Saveya amepima ghorofa mbili za chini, zimebaki za juu, anasubiri yule wa Dubai amtume mtu na funguo.