Jinsi Nilivyoingiza Viazi vya Mau Narok Katika Mkataba wa Chapa ya Kigeni

Karibu kila mtu niliyemwomba ushauri kabla ya kufungua mkahawa wa kuku na chipsi jijini Nakuru, chini ya jina la kampuni ya kigeni, aliniambia kwamba mkataba wa franchaizi, yaani wa kulipia ruhusa ya kutumia jina na utaratibu wa mwenye chapa, haujadiliwi. Wakili wa kwanza alidai kuwa kampuni hizo hutuma karatasi zilezile kila nchi, na kwamba kazi yake ilikuwa kunionyesha mahali pa kutia saini. Ofisa wa benki, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akininyima mkopo wa mkahawa wangu mwenyewe, alilipenda lile jina kiasi cha kusahau kuuliza hesabu, na shemeji yangu, ambaye hajawahi kuuza hata mandazi, alinihakikishia kwamba biashara yenye jina haifi. Nawaheshimu wote watatu, lakini mlango wangu ungali wazi kwa sababu sikuwasikiliza.

Sitasimulia habari za leseni ya kaunti wala vyeti vya afya vya wafanyakazi, kwa kuwa aliyewahi kuuza chakula Kenya anazijua. Kilichonitoa jasho ni mkataba wenyewe. Kenya haina sheria mahususi ya franchaizi; unategemea sheria za kawaida za mikataba, sheria ya alama za biashara na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, kwa hiyo mambo ambayo ungependa kuyajua kabla ya kulipa ada ya kuingia ni lazima uyaulize mwenyewe. Niliomba orodha ya matawi yaliyofungwa katika nchi nyingine. Nilinyamaziwa kwa muda, kisha ikaja orodha fupi, na mmoja wa waliokuwamo alinieleza kwa simu kwamba wateja hawakumkosa hata siku moja, ila kila walipoongezeka ndipo deni lake lilipopanda.

Ukisoma kwa makini unaelewa alichomaanisha. Mrabaha, yaani sehemu ya fedha anayolipwa mwenye chapa mara kwa mara, hutozwa kwa mauzo, si kwa faida, na mwezi wa hasara unalipa vilevile. Juu yake kuna kodi ya zuio: mrabaha unaolipwa kwa asiye mkaazi wa Kenya hukatwa asilimia 20, lakini kifungu kimoja kilichojibanza mbali kabisa na ukurasa wa malipo kilisema kwamba fedha zimfikie mwenye chapa zikiwa kamili bila makato. Maana yake ni kwamba ili yeye apokee dola 100, mimi nitoe dola 125, kwa sababu asilimia 20 ya 125 ndiyo 25 ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Wakili wa kwanza alikuwa ameipita sentensi hiyo bila kupepesa jicho, nami nikatafuta wakili wa pili, mwanamke mpole anayesoma viambatisho kwanza na mkataba baadaye. Kifungu hicho hatukufaulu kukiondoa chote, ila tulikubaliana kugawana mzigo.

Ni yeye aliyenifungulia kiambatisho cha wasambazaji walioidhinishwa. Humo mlikuwa na kila kitu, kuanzia viungo vya kupaka kuku hadi chipsi zilizokatwa, zikakaangwa nusu na kugandishwa Ulaya, zinazofika Mombasa kwa kontena la baridi na kulipiwa kwa dola. Nilikumbuka mara moja yaliyotokea Januari 2022, wakati mikahawa ya kuku ya KFC ilipoishiwa na chipsi nchini Kenya kwa kuwa shehena ilichelewa baharini, na Wakenya wakauliza kwa hasira viazi vya Nyandarua vina kasoro gani. Kampuni ilijibu kwamba kila msambazaji hupitia utaratibu wake wa kimataifa wa ukaguzi wa ubora. Wengi waliona kiburi katika jibu hilo. Mimi niliona kwamba suala halikuwa nchi viazi vinakotoka bali ukaguzi, na ukaguzi una vipimo vinavyojulikana.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu, na lilitokana na ushauri mwingine wa bure. Fundi wa majokofu alinishawishi kwamba viazi, kama nyama, hukaa vizuri zaidi kadiri baridi inavyozidi, basi tukajaza chumba cha baridi viazi vizuri vya aina ya Shangi kutoka Molo, vilivyofika kwa yale magunia yaliyoongezewa wavu juu ambayo sokoni huitwa mukorino, ingawa kanuni zinataka gunia lisizidi kilo 50. Baada ya wiki kadhaa tulikaanga mbele ya meneja wa kanda. Chipsi zilitoka rangi ya kahawia kama viatu vya askari, na zilikuwa chungu. Meneja alitabasamu kwa adabu, akaandika jambo kwenye daftari lake, na mpishi wangu akaapa kwamba mafuta yalikuwa mapya, jambo ambalo lilikuwa kweli. Mafuta hayakuwa na hatia: kiazi kikikaa kwenye baridi kali, wanga wake hugeuka sukari, na sukari hiyo ndiyo inayoungua kwenye mafuta ya moto. Tangu hapo sihifadhi kiazi cha kukaanga kwenye baridi ya jokofu hata kwa usiku mmoja, na namshauri kila mwenye kibanda cha chipsi afanye vivyo hivyo.

Aliyenitoa gizani ni mama mmoja mkulima wa Mau Narok. Aliniambia, "Mwanangu, Shangi ni ya kula leo. Ukiiweka inachipua." Yeye alikuwa na Markies, aina yenye asili ya Uholanzi, ndefu, yenye macho yasiyozama, inayokaa muda mrefu bila kuota. Kisha akanifundisha kipimo ambacho mpaka leo nakionea fahari kana kwamba nilikivumbua mimi. Unayeyusha kopo moja la chumvi katika makopo kumi na moja ya maji, unatumbukiza viazi, na kinachozama kina wanga mwingi na maji machache, hivyo kitatoa chipsi kavu isiyolegea wala kunywa mafuta. Kinachoelea kipelekwe kwenye mchuzi.

Mkaguzi alipokuja kutoka makao makuu, akiwa na kipimajoto mfukoni na fomu ndefu mkononi, nilimwekea beseni hilo katikati ya jikoni. Nilimwomba achague viazi mwenyewe kutoka gunia lolote, avitumbukize mwenyewe, na akate vilivyozama. Tulikaanga mara mbili, ya kwanza kwa moto wa chini na ya pili kwa moto mkali, kando ya chipsi zake za kugandishwa, kisha tukawaita wahudumu waonje bila kujua zipi ni zipi. Nilikuwa nimewakataza kusema neno lolote, lakini hapakuwa na haja, kwani sahani ya Mau Narok iliisha na nyingine ikabaki. Mkaguzi alisema matokeo hayo si ya kisayansi. Nilikubaliana naye, nikamkabidhi sampuli za maabara ambazo nilikuwa nimezilipia kwa fedha ambazo sipendi kuzitaja mbele ya mume wangu.

Hata hivyo, sampuli peke yake hazingetosha. Wakili wangu alinizuia kuomba kiambatisho kifutwe, kwa kuwa hakuna mwenye chapa atakayekubali. Aliandika aya moja ya nyongeza inayosema kwamba msambazaji wa ng'ambo akichelewa, tawi litatumia viazi vya hapa vilivyofaulu vipimo vyao wenyewe. Tulisubiri wakati mwafaka. Mwanzoni mwa mwaka 2024 meli nyingi zilikuwa zikiikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka kusini mwa Afrika, kontena langu halikuonekana, na dola moja ilikuwa imefika karibu shilingi 160. Ndipo tulipoituma aya hiyo, pamoja na makadirio ya mrabaha ambao wangeukosa kwa kila wiki nitakayouza kuku bila chipsi. Walitia saini haraka kuliko walivyowahi kujibu barua yoyote yangu.

Tangu siku hiyo sijaagiza tena chipsi za kugandishwa ila kiasi cha akiba tu. Jina bado linanifaa: mafunzo yao ya wafanyakazi ni mazuri kweli, na mwenye jengo alinipa nafasi ya mbele ambayo asingempa mtu wa mkahawa usiojulikana. Viungo vya kuku bado navinunua kwao kwa bei yao, na sioni dalili kwamba watalegeza hapo, kwa kuwa siri yao yote imo humo. Mwenye tawi la Eldoret amesikia na ameniomba nakala ya ile aya ya nyongeza. Nimempa, pamoja na namba ya simu ya wakili wa pili; ya yule mama wa Mau Narok sikumpa.